Unyusi wa Garam

Jangsu, 14 Septemba 2023

Dada yangu Malsun,

Shikamoo. Mimi mzima, ng'ombe wazima, goti la kushoto tu ndilo linaloniaga polepole. Pilipili nilizianika juu ya paa, mvua ikazikuta huko, kwa hiyo kabichi ya kimchi ya mwaka huu itakuwa na rangi ya aibu. Mjane wa mwenye duka la mbolea ananiletea viazi vitamu. Usiulize kwa nini.

Juzi ulinikatia simu nikiwa katikati ya tusi. Ndiyo maana naandika. Barua haikatwi. Utaisoma mpaka chini, nakujua, hukuzaliwa na uwezo wa kuacha kitu nusu.

Ile picha nimeipata. Nimeiweka mezani, nikavaa miwani, nikaivua, nikaifuta, nikaivaa tena. Huyu ni nani? Nyuma umeandika, "Garam, picha ya maombi ya chuo." Dada, mjukuu wangu nimemlea mwenyewe tangu baba yake alipokwenda kwenye viwanda vya Vietnam na mama yake akaenda anakokujua yeye. Uso huo nimeuosha kwa mkono huu. Una taya pana la ukoo wetu wa Pyo, linalovunja njugu bila nyundo. Una masikio yaliyokaa kama vishikio vya chungu. Na unyusi wa kushoto umekatika katikati, pale ilipopita pembe ya ng'ombe Garam alipokuwa na miaka sita, kwa sababu alijipenyeza zizini kutazama ndama anavyozaliwa. Sasa picha hii haina taya, haina masikio, haina pembe. Ni yai la kuchemsha, mmelivisha nywele. Nilimwonyesha yule ng'ombe mkongwe anayemfuata Garam kama mbwa. Akataka kuila.

Mtoto anaomba udaktari wa mifugo! Tangu lini ng'ombe akamuuliza daktari wake taya lina upana gani? Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, ndicho mnachofundishana huko Seoul? Mwaka jana alikosa nafasi kwa alama chache, nikakukabidhi umlishe na umlaze, arudie masomo, aombe tena. Sikukukabidhi umfute.

Na Garam mwenyewe anasemaje? Hilo hukuniambia.

Mdogo wako,
Deokman


Seoul, 25 Septemba 2023

Deokman,

Marahaba. Mgongo unauma, lakini mgongo wangu haujawahi kukuhusu. Viazi vya mjane uvile polepole, meno yenyewe umebakiwa na ya kuhesabika. Garam anakula. Anaondoka asubuhi kwenda tuisheni, anarudi jioni, anafungua vitabu tena.

Sasa nikujibu, we mtoto. Picha ile kaipiga fundi wa karibu na kituo cha treni, ambaye wazazi hupanga foleni kwake kabla hajafungua mlango. Wote wanasafishwa. Binti wa jirani yangu aliondolewa shingo nzima akapewa nyingine, na leo anasomea udaktari wa meno. Unadhani wale maprofesa wana siku nzima ya kumtazama mtoto mmoja? Anaingia, anainama, wameshaamua. Nimeuza vipodozi mlango kwa mlango katika mji huu tangu nikiwa na kiuno mpaka nikawa sina. Najua mlango unavyofunguliwa uso mmoja na kufungiwa uso mwingine. Wewe uliyeishi ukitazama makalio ya ng'ombe, habari ya nyuso utaitoa wapi?

Usaili ni mwanzoni mwa Desemba akipita mchujo. Nimemwandikisha darasa la usaili. Wanamfundisha kubisha hodi, kukaa bila kuegemea, mikono juu ya magoti, nywele zote zifungwe nyuma paji lionekane, kutabasamu kwa meno ya juu tu. Lafudhi yake ya kwetu Jeolla wanaing'oa kama gugu. Suti nyeusi nimeshaazima.

Tena nimempeleka kwa mzee msoma nyuso wa pale sokoni. Alimshika kidevu, akamgeuza huku na huku kama anayenunua tikiti.

"Mama, huyu ana bahati. Ila unyusi huu! Nyusi ndiyo nyumba ya ndugu. Ukikatika, ndugu hukatana."

Nikamwambia, "Mzee, huyu hana ndugu, kazaliwa peke yake."

Akaniangalia mimi. "Basi ni ndugu za nani?"

Nikamlipa, nikaondoka. Kwa hiyo unyusi huo utazibwa. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Garam hana la kusema. Anasoma.

Dada yako,
Malsun


Jangsu, 9 Oktoba 2023

Dada,

Shikamoo, ingawa huistahili. Sikukuu ya mavuno imepita, hamkuja. Nilitengeneza keki za mchele, zikatoka na umbo la kiatu, nikazila peke yangu. Kabla ya hapo nilipanda mlimani na mashine ya majani, nikawanyoa wazee wetu makaburi yao. La mama limelainika vizuri. La baba nililitoa upara upande mmoja, mashine iliteleza. Amependeza kuliko alivyokuwa hai.

"Utazibwa." Neno hilo limenikwama kooni kama mfupa wa samaki. Utazibwa na nini? Kama ni wanja, sawa, wanja maji hulitoa. Lakini nakujua wewe, na namjua shoga yako Okbun anayechora nyusi za watu kwa sindano jikoni kwake. Amewachora nyinyi wote. Mkikaa kwenye benchi la bustani mnaonekana kama kikosi kizima kimeambiwa habari moja ya kushtua na mpaka leo hakijaimeza. Nikisikia sindano imemgusa mtoto, nakuja huko kwa basi pamoja na fahali, na yeye nitamkatia tiketi.

Eti nyumba ya ndugu! Mimi na wewe tulianza kutazamana kwa jicho la upande kabla baba yake Garam hajazaliwa. Usiusingizie unyusi wa mtoto.

Naomba jibu. Na nauliza mara ya pili: Garam anasemaje?

Deokman


Jangsu, 20 Novemba 2023

Malsun,

Salamu utazipata ukijibu.

Mtihani wa taifa umepita. Garam alinipigia jioni ile. Haya masikio yangu unayajua, yameshastaafu. Nilisikia "Babu, nimefanya," halafu pua ikivutwa. Nikamuuliza, "Uso wako ungalipo?" Akacheka, akakata. Au alilia, akakata. Kwa masikio yangu ni sauti moja.

Barua yangu ya Oktoba umeipata. Wewe ukiwa na haki huandika siku hiyo hiyo na kubandika stempu mbili. Ukinyamaza, umeshafanya.

Umefanya nini?

D.


Seoul, 5 Desemba 2023

Deokman,

Mzima mimi. Garam mzima, kwa maana ya kuwa anapumua. Kaa chini kabla hujaendelea, na jembe liweke mbali.

Alipita mchujo. Na ndiyo, Okbun alimchora, wiki moja kabla ya usaili. Nilimwambia azibe pengo tu. Akasema nyusi ni kama viatu, hutengenezi kimoja, akachora zote mbili. Siku za kwanza rangi huwa nyeusi sana, halafu gamba hubanduka, rangi inatulia. Nilijua hivyo kwa sababu kwangu ilikuwa hivyo. Ngozi ya mtoto ikakataa. Jumamosi ya usaili aliamka na viwavi wawili weusi wamemlalia juu ya macho. Nikawapaka poda. Wakawa viwavi waliopakwa unga.

Wazazi wanaishia mlangoni, lakini mlango ulikuwa wa kioo. Niliona yote, nikasikia nusu. Msimamizi, kijana mwembamba mwenye tai, alishika mkono mmoja kadi ya mtahiniwa yenye ile picha ya fundi, na mkono wa pili kitambulisho. Picha ya kitambulisho alipigwa ulipompeleka wewe huko wilayani, masikio yake yote nje, pengo lake lote wazi.

"Binti, huyu ni nani?"

"Ni mimi."

"Na huyu?"

"Ni mimi."

"Haya, na wewe uliyesimama hapa?"

"Ni mimi."

Wenzake kwenye foleni, wote suti nyeusi, wote nywele nyuma, wakacheka. Wakacheka kwa meno ya juu tu, kama walivyofundishwa.

Akaambiwa akanawe uso. Akaingia chooni, Deokman, akakaa humo. Jina lake likaitwa, likaitwa tena, wakampitisha mwingine. Alipotoka alikuwa amejisugua kwa sabuni ya mikono na karatasi ngumu mpaka gamba limetoka na ngozi. Damu inamshukia machoni. Nywele zimefumuka, masikio nje. Niligonga kioo, nikamwita. Hakugeuka. Wakamsainisha karatasi kwamba yeye ni yeye, wakamwingiza wa mwisho.

Nikabaki pale kwenye kioo, na nilichokuwa nakiona si kile tena. Niliona mlango mwingine, wa mwaka 1966. Unaujua, usijifanye huna masikio. Yule mnunuzi wa nywele alipopita kijijini akinunulia viwanda vya wigi, baba alinikalisha juu ya gunia, akaukata msuko wangu kwa mkasi wa kukatia majani ya tumbaku. Ulikuwa unafika kiunoni. Ukawa ada yako ya sekondari na ile kofia yako yenye nembo. Wiki iliyofuata nilikwenda Jeonju kwenye usaili wa chuo cha uuguzi, kichwa kama kiazi kilichomenywa na mlevi. Mkuu wa chuo akaniuliza mbele ya wasichana wote, "Wewe umetoka gerezani lini?" Hakuniuliza jambo jingine. Nilikuwa nimekariri mifupa yote ya mwili wa mtu, na hakuna aliyeniuliza hata mmoja.

Na wewe hiyo sekondari uliisoma mwaka mmoja, ukatoroka ukawa unakamata vyura. Kofia uliiachia mto.

Kila mwaka unapanda mlimani kumnyoa baba, ukishuka unanisimulia kama mzaha. Mimi yeye alininyoa mara moja tu.

Waliniita Malsun, msichana wa mwisho, ili baada yangu aje mvulana. Haya, ulikuja. Tangu siku ile ya mkasi sijakuuliza neno na wewe hujasema neno. Sasa nitukane kuhusu nyusi. Nasubiri.

Ulikuwa unauliza Garam anasemaje. Siku ya picha, fundi alipofika kwenye unyusi, Garam alisema, "Bibi, huo niachie." Nikamwambia nyamaza, hujui dunia.

Sasa hasemi na mimi kabisa.

Malsun


Jangsu, 11 Desemba 2023

Dada,

Shikamoo. Theluji imefika magotini. Ng'ombe mmoja yuko karibu kuzaa. Kabla barua yako haijafika nilikuwa nimeshakuandalia kurasa nne za matusi, mengine mapya kabisa, sijawahi kuyatumia kwa mtu. Nimewashia jiko.

Garam yuko hapa, aliteremka na basi la juzi. Anakula. Nyusi zake nazipaka ile dawa ya kupaka chuchu za ng'ombe zikipasuka. Anasema inanuka, lakini uso hauondoi. Okbun mwambie kwamba siku nikikutana naye nitamchora mimi, kwa msumari.

Nimemuuliza walimfanyaje mle ndani. Anasema profesa mmoja wa kike alimsukumia karatasi ajifute, akamuuliza, "Nani kakupiga?" Naye akajibu kwa lafudhi yote ya Jeolla mliyodhani mmeing'oa: "Hakuna aliyenipiga, Profesa. Wananipenda tu." Hapo akasahau kukaa bila kuegemea, akaegemea. Mengine waliyomuuliza hayakumbuki.

Nina hasira na wewe ambayo haijapoa. Ukinipa chai saa hii naikorogea hasira badala ya sukari.

Kuhusu mwaka 1966, kalamu yangu imekwisha wino. Unaona mwenyewe, jina naandika kwa penseli.

Deokman


Seoul, 16 Desemba 2023

Deokman,

Majibu yametoka jana. Hamkuyaona kwa sababu huko mtandao wenu unakuja na punda. Hakuchaguliwa. Yuko kwenye orodha ya akiba, wa tatu. Wakijitoa walio juu yake, chuo kitampigia simu, na asipopokea wanakwenda kwa anayefuata, hawabembelezi mtu. Mwambie simu asiiache, hata zizini, hata chooni. Na wewe usithubutu kuipokea.

Nilikwenda kwa yule fundi wa picha kumpigia kelele. Nilipiga mpaka wateja wakatoka. Akanisikiliza, akaniambia, "Bibi, si wewe uliyesimama nyuma ya kiti changu ukisema toa hiki, na hiki, na hiki?" Ni kweli. Nilitoka pale na hasira yangu yote, sina pa kuiweka.

Nyumba kimya. Suti nimeirudisha.

Ndani ya bahasha kuna kalamu. Nimeijaribu kabla ya kuituma. Ina wino.

Malsun


Jangsu, 30 Desemba 2023

Dada yangu Malsun,

Shikamoo. Leo nimeitamka kwa sauti, ng'ombe wakageuka kunitazama. Mjane wa mbolea ameleta maharage, naona tumepanda cheo kutoka viazi. Kalamu imefika. Inaandika.

Alhamisi yule ng'ombe alianza kuzaa, na ndama akawa amekaa vibaya. Garam alikuwa amelala ubavu kwenye majani makavu, mkono wake umo ndani mpaka begani, anamtukana ndama kwa maneno aliyojifunza kwangu. Ndipo simu ikaita, iko kwenye msumari wa ukutani. Ulinikataza, najua. Nikaipokea. Nikasema, "Nani?" Wakasema kitu. Nikasema, "Paza sauti, wewe, unaongea na mzee!" Garam akapiga ukelele, "Babu, lete huku! Lete huku!" Nikambandika simu kati ya bega na sikio, na lile sikio la kishikio cha chungu, ambalo mlilifuta kwenye picha, likaishika simu bila mkono.

Nikamtazama mdomo. Baadaye aliniambia walimuuliza kama yeye ndiye Pyo Garam. "Ni mimi," akasema. Wakamuuliza kama anaitaka nafasi. "Ni mimi," akasema tena, kachanganyikiwa, "naitaka, ndiyo, ni mimi." Halafu akavuta, na ndama akatoka, dume, jeusi puani. Sote wanne tukabaki tumelala pale.

Basi mtoto ataanza chuo mwezi wa tatu. Usijisifu. Na mimi sijisifu. Hakuna ajuaye walimchukua yupi: yule yai wa kwenye kadi, yule wa kwenye kitambulisho, au yule aliyetoka chooni na damu machoni. Huenda wale wa juu yake walipata kwingine kuzuri zaidi, basi. Picha ya kadi ya chuo ameshapiga hapa wilayani. Unyusi wa kulia una wino wa Okbun, wa kushoto pengo limerudi. Anafanana na mtu anayeuliza swali. Kasema upewe salamu. Kama amekusamehe hajasema, na mimi nimeuliza mara moja tu, kwa kuwa nimejifunza kuwa nikiuliza mara mbili najibiwa vibaya.

Njoo kwa mwaka mpya wetu wa kalenda ya mwezi. Supu ya keki za mchele atapika Garam, usiogope umbo la kiatu. Na nina haja yangu nyingine. Wiki inayofuata mpiga picha wa wilaya anakuja kwenye ukumbi wa wazee kutupiga picha zetu za msiba, wale tulio tayari. Husafisha makunyanzi bila kuombwa. Nimeshamwambia yangu ayaache, nimeyatafuta kwa jasho. Kilichobaki ni nywele. Zimefika mabegani, na kinyozi wa hapa simtaki.

Nataka unikate wewe. Gunia ninalo, nitalitandika uani, nitakaa juu yake. Kata upendavyo. Ukitaka kuacha upara huku na kichaka kule, acha. Picha hiyo ndiyo itakayowekwa mbele siku yangu, na kila atakayekuja kunililia atainama mbele yake kwanza, mkuu wa wilaya akiwemo. Na mmoja wao akiuliza, "Mzee huyu alitoka gerezani lini?" wewe utakuwa umekaa pale karibu, mjibu unavyojua.

Mkasi uje nao mwenyewe. Mkali au butu, chagua. Sitasogeza kichwa.

Mdogo wako,
Deokman